Krimu au magnolia? Ukuta wako ndio mwamuzi

Na Mwandishi Wetu, Gitega

WALIOREJEA nyumbani kutoka ukimbizini wanaifahamu siku hiyo. Kuta zimesimama, mabati yamepigiliwa, plasta imekauka, na fundi anasimama mlangoni akiuliza: "Mwalimu, tupake rangi gani?"

Mimi nilipoulizwa swali hilo sikufikiri hata dakika moja. Jibu nilikuwa nalo tangu Muyinga, nyumbani kwa dada yangu. Jibu hilo nusura linipotezee ndoo nzima ya lita 20, na ndiyo sababu ya makala haya. Nayaandika kwa ajili ya msomaji anayejenga, na kwa ajili ya mfanyabiashara anayevusha rangi pale Kobero na kuulizwa kila siku na wateja ipi ni nzuri zaidi, krimu au magnolia.

Mpenzi msomaji, usidhani haya ni mambo ya wenye fedha. Nilivuka mpaka mwaka 1993 nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na baadaye nikasomea kambini Lukole, wilayani Ngara. Nyumba yetu ilikuwa ya fito na tope, na juu yake shitingi. Mama aliisiliba kwa udongo uliopatikana karibu. Hakuna aliyemuuliza anapenda udongo wa rangi gani.

Nyumba niliyojenga hapa mtaa wa Nyamugari ni nyumba yake ya nne maishani. Yeye mwenyewe anasema ni ya mwisho. Macho yake yana mtoto wa jicho. Moja limekwisha kufanyiwa upasuaji, la pili bado linasubiri. Miguu nayo imechoka, kwa hiyo kutwa nzima anakaa sebuleni, kwenye kiti chake, akitazama ukuta na mlango. Rangi ya ukuta huo, kwake, ndiyo dunia anayoiona.

Nilichokiona Muyinga

Dada yangu anafanya biashara ya mpakani. Alianza na vitenge na sabuni, siku hizi anauza pia brashi, msasa na rangi. Mwezi wa Julai nilikwenda kumsalimia pamoja na mama. Sebule yake alikuwa ameipaka magnolia, rangi ambayo mafundi wengi huitamka "manolia".

Ilipendeza mno. Ilionekana kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Mama alikaa pale siku tatu, na kila jioni alisema chumba hicho kinampa usingizi mzuri.

Dada alikuwa pia na krimu dukani. Tukafungua makopo mawili, tukayaweka sakafuni, tukainama kutazama. Kusema kweli, sikuona tofauti ya maana. Nikasema, "Dada, nipe hii ya kwako." Nikaipakia ndoo kwenye Probox, tukashuka nayo kupitia Karusi hadi Gitega.

Fundi alianza na ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya kiti cha mama, unaotazamana na dirisha. Akapiga mkono wa kwanza asubuhi na wa pili mchana. Jioni hatukuona shida yoyote.

Kesho yake saa 4 asubuhi niliingia sebuleni nikashangaa. Ukuta ulikuwa wa waridi. Mama aliugeukia, akautazama kwa muda, akasema taratibu: "Mwanangu, huu ukuta ni kama kidonda kinachopona."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba tumeuziwa rangi ya uongo. Nikampigia dada simu, akaenda kutazama kifuniko cha ndoo aliyotumia yeye. Namba ya rangi ilikuwa ile ile, na namba ya toleo ilikuwa ile ile. Fundi akanyoosha mkono kuelekea dirishani. "Mwalimu," alisema, "rangi haina kosa. Tazama nje."

Nje ya dirisha, hatua nne tu, ndipo ulipo ukuta wa jirani, wa matofali ya kuchoma, haujapigwa plasta. Jua la asubuhi likishapanda juu ya paa letu linaupiga ukuta huo sawasawa, na mwanga unaorudi kuingia sebuleni kwetu unakuja na wekundu wa matofali. Kule Muyinga dirisha la dada linatazama ua mpana wa saruji na anga tupu. Rangi ni moja, lakini mwanga ni wa namna mbili.

Ndugu wa karibu, damu tofauti

Hapa ndipo nilipoanza kujifunza jambo nililopaswa kulijua kabla ya kulipa.

Krimu na magnolia zote ni rangi za joto, kama wachoraji wanavyoziita, na zote ni nyeupe iliyotiwa kitu kidogo. Katika krimu kitu hicho ni manjano. Katika magnolia ni manjano pamoja na chembe ya wekundu. Kwenye kopo chembe hiyo haionekani. Ukutani, ikipata mwanga wa kuichochea, inajitokeza na kukalia chumba kizima.

Jina magnolia ni la mti wenye maua makubwa meupe, na mti huo ulipewa jina kwa heshima ya Pierre Magnol, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa aliyeishi kati ya mwaka 1638 na 1715. Nchini Uingereza ndiyo rangi iliyopakwa katika nyumba nyingi za kupangisha, hata ikageuzwa mzaha.

Katika jedwali la Uingereza la rangi za majengo, liitwalo BS 4800, magnolia ina namba 08 B 15. Namba hii inasomeka. Tarakimu mbili za mwanzo zinaonyesha ukoo wa rangi: 08 ni ukoo wa manjano inayoelekea kwenye wekundu, na 10 ni ukoo wa manjano yenyewe. Herufi inaonyesha kiasi cha kijivu kilichomo, kuanzia A yenye kijivu kingi hadi E iliyo safi. Kwa hiyo mtu anayejua kusoma namba anaweza kuuona wekundu wa magnolia kabla hajafungua kopo.

Tahadhari ni kwamba si kila kiwanda kinafuata jedwali hilo. Magnolia ya kiwanda kimoja yaweza kuwa na wekundu kuliko ya kingine, na krimu ya huku ikawa nzito kuliko krimu ya kule. Jina kwenye kopo ni jina tu.

Chanzo cha rangi zote mbili si kigeni kwetu. Manjano ya upole na wekundu wa udongo hutokana mara nyingi na oksidi za chuma, chuma kile kile kinachovipa vilima vyetu wekundu wake. Udongo wa manjano ukichomwa, maji yaliyofungwa ndani yake hutoka na udongo unakuwa mwekundu. Hicho ndicho kinachotokea tanuruni kwa wachoma matofali. Kwa maneno mengine, matofali ya jirani na magnolia yangu vilikuwa vya ukoo mmoja, na vilipokutana vikaongezeana nguvu.

Jua letu si la vitabuni

Vitabu vya mapambo ya nyumba vinavyotoka Ulaya vinasema chumba chenye dirisha la kusini ni cha jua, na cha kaskazini ni cha baridi. Ukifuata ushauri huo hapa utapotea.

Gitega iko karibu nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta, na Muyinga iko karibu zaidi na ikweta. Jua la mchana linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka. Kuanzia karibu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la saa 6 liko upande wa kaskazini. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi Machi liko upande wa kusini.

Maana yake ni kwamba dirisha la kaskazini linapata jua wakati wa kiangazi, Juni, Julai na Agosti, anga likiwa kavu na lenye vumbi. Dirisha la kusini linapata zamu yake Desemba na Januari, wakati wa mvua na mawingu. Mimi niliiona sebule ya dada mwezi wa Julai, dirisha lake likiwa la kaskazini. Niliiona katika siku zake bora, nikadhani ndivyo ilivyo mwaka mzima.

Madirisha ya mashariki na magharibi nayo yana tabia yake. La mashariki hupata mwanga mkali asubuhi na kupoa mchana. La magharibi hupata jua la jioni lenye wekundu, na wekundu huo hukoleza rangi za joto zote.

Usiku ni habari nyingine

Wengi wetu hukaa sebuleni usiku kuliko mchana. Usiku ukuta hautazamwi na jua, unatazamwa na balbu.

Kwenye boksi la balbu huandikwa namba yenye herufi K. Balbu ya 2700K au 3000K hutoa mwanga wa manjano unaokaribia ule wa balbu za zamani. Ya 6500K hutoa mwanga mweupe unaoelekea buluu, na taa nyingi ndogo za sola ziko upande huo. Chini ya balbu ya manjano, krimu na magnolia hukaribiana sana. Mgeni hawezi kuzitofautisha. Chini ya taa nyeupe ya sola, krimu huweza kuvuta ukijani, na magnolia huweza kuwa na majivu.

Kwa hiyo kama umeme wa kwako hukatika mara kwa mara na unategemea sola, rangi yako ichague chini ya sola. Usiichague dukani chini ya taa za dukani.

Tulivyozipima

Mwaka 1839 mwanakemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, alichapisha kitabu kuhusu jinsi rangi mbili zikikaa jirani zinavyobadilishana sura machoni mwetu. Alikuwa msimamizi wa idara ya kutia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, mjini Paris, na alikuwa ameletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi vya kutosha. Alipochunguza aligundua kwamba nyuzi zilikuwa nzuri. Kilichozifanya zionekane dhaifu ni rangi zilizokaa kando yake.

Niliposoma habari hiyo niliona ni kisa changu hasa. Nikamwomba dada aniletee krimu kidogo kwenye chupa. Fundi akakata mbao mbili nyembamba, kila moja ukubwa wa mlango wa kabati. Moja tukaipaka krimu na nyingine magnolia, mikono miwili kila moja, tukiacha ukingo mweupe pande zote ili rangi isisumbuliwe na ya jirani. Tukaziacha zikauke siku nzima, maana rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi, na ikikauka hukolea.

Kisha tukaziegemeza ukutani na kuzitazama saa 1 asubuhi, saa 4, saa 6 mchana, saa 11 jioni, na saa 2 usiku chini ya taa ya sola. Siku tatu mfululizo.

Matokeo ya sebuleni yalikuwa wazi. Saa 4 asubuhi, wekundu wa matofali ulipoingia, ubao wa magnolia uligeuka waridi kama ukuta ule. Ubao wa krimu uliupokea wekundu huo huo, lakini kwa kuwa wenyewe una manjano tu, ukawa na rangi ya embe lililoanza kuiva. Usiku chini ya sola krimu ilipoa kidogo, lakini haikuchukiza.

Tulipozihamishia mbao hizo chumba cha kulala cha mama, hukumu ilipinduka. Dirisha la chumba hicho linatazama migomba, na mwanga unaoingia umepita kwenye majani. Hapo krimu ilionekana kama maji yaliyooshewa mboga. Magnolia, kwa wekundu wake mdogo, iliuzima ule ukijani, na ikarudi kuwa maziwa yenye chai, kama Muyinga.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali la ipi nzuri zaidi halina jibu mpaka useme ni ya chumba gani.

Macho mawili ya mama

Siku ya tatu mama aliniambia niviweke vibao vyote viwili mbele yake. Akafunika jicho moja kwa kiganja, akatazama. Akafunika la pili, akatazama tena. Akarudia mara kadhaa kama mtoto anayecheza.

"Kwa jicho la zamani ni kitu kimoja," alisema. "Kwa jicho jipya, hiki ni siagi, hiki ni nyama."

Wataalamu wa macho wanaeleza kwamba mtoto wa jicho huifanya lenzi kuwa na ukungu, na mara nyingi kuwa na manjano au kahawia, hata mgonjwa akawa anaitazama dunia kama kupitia chupa ya rangi hiyo. Akishafanyiwa upasuaji na kuwekewa lenzi safi, weupe na buluu humrudia. Mama yangu, aliyefanyiwa jicho moja, alikuwa na mwanga wa aina mbili ndani ya kichwa kimoja.

Akachagua siagi kwa sebule. Kisha akaongeza neno ambalo mimi na fundi, pamoja na mbao zetu, hatukulifikiria: "Rangi yoyote mtakayopaka, fremu ya mlango ipakeni nyeusi au kahawia. Mimi sijikwai kwa sababu ya ukuta. Najikwaa kwa sababu sioni ukuta unapoishia."

Alikuwa na haki. Kwa mwenye macho dhaifu, mchuano wa krimu na magnolia ni mdogo ukilinganisha na tofauti ya ukuta na mlango, au ukuta na sakafu. Tulipaka fremu kahawia nzito ya mafuta, na chini ya ukuta tukazungusha mkanda wa rangi hiyo hiyo. Mkanda huo unamwonyesha sakafu inapoanzia, na pia unaficha vumbi jekundu la kiangazi ambalo lingeichafua krimu kwa wiki moja.

Hesabu kabla ya kulipa

Kosa langu la pili lilikuwa la hesabu, na kwa mwalimu hilo ni aibu. Sebule yetu ni mita 5 kwa 4, na kuta zina kimo cha mita 2.7. Mzunguko ni mita 18, kwa hiyo kuta ni mita za mraba 48 na kitu. Ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 44. Kwa mikono miwili ni 88. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Nilihitaji lita 9. Nilinunua 20.

Bahati ni kwamba magnolia iliyobaki ilitosha vyumba viwili vya kulala vinavyotazama migomba. Krimu nilinunua makopo mawili ya lita 4 na moja la lita 1.

Kwa mnunuzi na muuzaji, haya ndiyo ninayoshauri:

Kwanza, andika namba ya rangi na namba ya toleo iliyo kwenye kifuniko. Anayeagiza "krimu" kwa jina tu ataletewa krimu yoyote. Makopo yakiwa ya matoleo tofauti, yachanganye yote katika chombo kimoja kabla ya kuanza kupaka, la sivyo ukuta mmoja utakuwa na rangi mbili.

Pili, muuzaji afungue kopo ampimie mteja kidogo cha kujaribia. Nusu lita inayouzwa leo huzuia ugomvi wa ndoo kesho.

Tatu, plasta mpya ya saruji iachwe ikauke wiki nne hivi. Chumvi na unyevu wa saruji mbichi huiharibu rangi, na mwenye nyumba humlaumu muuzaji bure.

Nne, rangi nyeupe na krimu za mafuta hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, hasa kwenye vyumba vyenye giza. Kwa kuta za ndani, rangi ya maji hutunza sura yake zaidi.

Tano, ulizia madini ya risasi, hasa unaponunua rangi za mafuta za manjano kali na machungwa, ambazo kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa kromati ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Ukikwangua rangi ya zamani, tumia msasa wa maji na uwaweke watoto mbali.

Juzi dada alikuja kutoka Muyinga. Aliingia sebuleni saa 4 asubuhi, akakaa, akatazama kuta. "Kumbe krimu ni nzuri hivi?" aliuliza. "Nami nikirudi nitabadilisha."

Mama alimkata kauli kabla sijafungua mdomo. "Usiguse kitu," alimwambia. "Kwanza uweke kibao ukutani kwako, ukae nacho siku tatu. Sasa tuna nyumba. Hatuharakishwi na mtu."